Tangi Lililofurika Novemba na Kukauka Februari

Kisa hiki ni cha ploti moja Mishomoroni, Kisauni, mjini Mombasa: nyumba ya Kiswahili yenye vyumba saba, ukumbi katikati, paa la mabati, kisima uani na mfereji mmoja karibu na mlango wa nyuma. Tuko familia saba, watu 30 ukihesabu na watoto. Mimi ndiye mshika daftari la maji. Kazi hiyo nilipewa na mwenye nyumba, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa, kwa sababu niliwahi kulalamika kuwa hakuna anayejua mfereji ulitoka lini mara ya mwisho. Tangu hapo, kila maji yakitoka naandika tarehe na saa, na mitungi mingapi imejaa.

Nakieleza kwa urefu kwa sababu nilichojifunza kwenye tangi letu ndicho kilichonifumbua macho kuhusu maji ya Mombasa nzima, na hasa kuhusu mabwawa. Watu wengi mjini wanaamini bwawa kubwa likikamilika shida imekwisha. Nami niliamini hivyo hivyo juu ya tangi.

Tuanze na ukame. Mvua za vuli za 2020 hazikunyesha inavyopasa, na zilizofuata pia, hadi ikafika misimu mitano mfululizo, kuanzia vuli ya 2020 mpaka vuli ya 2022. Pwani hatukufa njaa kama ndugu zetu wa kaskazini mwa nchi, lakini daftari langu la wakati ule linasikitisha kulisoma. Kuna wiki nzima nimeandika neno moja tu: "hakuna". Kijana wa mkokoteni aliyekuwa akituuzia mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20 alipandisha hadi 50, na siku nyingine hata hizo 50 hukumpata. Kisima chetu kilikuwa na maji, ila kadiri tulivyozidi kuteka ndivyo chumvi ilivyozidi. Sabuni ikawa haitoi povu. Unafua kanzu, inakauka ikiwa ngumu kama kadibodi. Ami wa chumba cha mwisho, ambaye ameishi hapa kuliko sote, alikuwa anaonja kwa ncha ya ulimi na kusema, "Bahari imesogea." Alisema kweli. Chini ya mtaa wetu ni mawe ya matumbawe yenye matundu, na maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi. Mvua isiponyesha na watu wakizidi kuteka, tabaka tamu linakonda na la chumvi linapanda.

Januari 2023 Bi Mkubwa akatuita ukumbini. "Wanangu," akasema, "paa hili lina miaka 40. Mvua yote lililopokea imekwenda barabarani. Mimi nitanunua tangi, nyinyi mtachanga fundi na gata za kukinga maji ya paa." Wazee wetu walilijua hili zamani. Nyumba za kale na misikiti ilikuwa na mabirika, na hata Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593, ina birika la kuvunia maji ya mvua. Sisi tulioletewa mfereji ndio tuliosahau.

Michango ilichukua muda. Tangi la plastiki la lita 10,000 lilisimama juu ya msingi wa mawe mwezi wa Agosti, gata zikafungwa pande zote za paa, na tukangoja vuli.

Ile vuli ya 2023 hakuna aliyeisahau. Usiku mmoja wa Novemba mvua ilianza baada ya isha, na kabla ya adhana ya alfajiri tangi lilikuwa limejaa na linamwagika kwa juu. Nilitoka na tochi. Maji yalikuwa yanaruka kutoka kwenye bomba la kufurikia kama ya mpira uliopasuka, yamechimba shimo la kina cha goti kwenye mchanga chini ya ukuta, na yanapita kwenda uani kwa jirani. Watoto wakaamshwa, tukajaza madebe, mabeseni, sufuria, hata ndoo za kufulia. Kulipopambazuka hapakuwa na chombo kikavu ploti nzima, na maji yalikuwa bado yanamwagika. Wiki hiyo hiyo daftari linaonyesha mfereji haukutoka tone. Shangazi wa chumba cha tatu akaniuliza swali ambalo nadhani nusu ya Mombasa ilikuwa inaliuliza: "Mvua yote hii, ya mfereji yako wapi?"

Februari, katikati ya kaskazi, niligonga tangi kwa kifundo cha kidole kutoka juu kushuka. Liliita tupu mpaka chini.

Hesabu ya paa

Lawama zilianza mara moja. Wengine walisema tangi ni dogo, wengine kuwa chumba fulani kinatumia kupita kiasi. Nilikaa na kalamu jioni mbili, na hapa naweka hesabu yenyewe, maana haina ugumu na yeyote mwenye paa anaweza kuifanya.

Paa letu ni mita 10 kwa 15, yaani mita za mraba 150. Mvua ya milimita 1 juu ya paa hilo ni lita 150. Toa moja ya tano kwa yanayoruka nje, yanayovuja kwenye gata na yanayokaushwa na bati la moto: zinabaki lita 120. Mwaka wa kawaida Mombasa hupata milimita 1,000 na kitu, kwa hiyo paa letu lina uwezo wa kukusanya kama lita 120,000. Watu 30 wakitumia lita 20 kila mmoja, ambacho ni kiasi kidogo mno, ni lita 600 kwa siku, karibu lita 219,000 kwa mwaka. Paa, basi, linaweza kutupa zaidi kidogo ya nusu ya mahitaji. Si haba hata kidogo. Sasa kwa nini tulikauka?

Chukua mwezi mmoja wenye milimita 300, tangi likianza tupu. Kwanza zinyeshe vizuri: milimita 30 kila baada ya siku tatu, mara kumi. Kila mvua inaleta lita 3,600, na kati ya mvua moja na nyingine tunatumia 1,800. Tangi linapanda polepole, linajaa kwenye mvua ya tano, halafu kila mvua linamwaga kidogo. Mwisho wa mwezi tumetumia maji kila siku, tangi limebaki na lita 8,200, na zilizopotea ni 9,800.

Halafu hizo hizo milimita 300 zinyeshe usiku mbili za kwanza za mwezi, 150 na 150. Maji yaliyoingia kwenye gata ni yale yale, lita 36,000. Lakini usiku wa kwanza zinamwagika 8,000, na wa pili 17,400. Tunabaki na tangi moja lililojaa, linatuchukua siku 16, na kufikia tarehe 18 au 19 ya mwezi ule ule tunarudi kwa kijana wa mkokoteni. Kipimo cha mvua kikisomwa mwisho wa mwezi kitasema "milimita 300" mara zote mbili.

Nilipomwonyesha Ami hesabu hii alikaa kimya, kisha akasema: "Kwa hiyo tangi halizai maji." Nimelishika neno hilo. Tangi linahifadhi kile tu kilicholikuta lina nafasi.

Hapa ndipo mabadiliko ya tabianchi yanapoingia uani kwetu. Hewa ikipata joto nyuzi moja ya Selsiasi inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Hewa hiyo ikiwa kavu inafyonza unyevu kwa nguvu zaidi kutoka kwenye udongo, mimea na maji yaliyo wazi, na ikishiba inamwaga kwa kishindo zaidi. Joto ni lile lile, nalo linazidisha ukame na pia gharika. Wanasayansi wa World Weather Attribution, kundi la kimataifa linalopima mchango wa mabadiliko ya tabianchi katika ukame na gharika, waliuchambua ule ukame wa misimu mitano na kueleza 2023 kwamba mabadiliko hayo yameongeza uwezekano wa ukavu wa ardhi wa namna ile takriban mara 100, hasa kwa sababu ya joto linalokausha udongo. Mwaka huo huo wakazichambua mvua za Oktoba hadi Desemba, zilizochochewa na El Niño, yaani joto lisilo la kawaida la Bahari ya Pasifiki, pamoja na maji ya joto ya upande wetu wa Bahari ya Hindi, wakakuta kuwa tabianchi iliyobadilika imeziongezea nguvu, pengine hadi mara mbili. Ukame na mafuriko vilipishana kwa mwaka mmoja tu, juu ya paa lile lile.

Kuna jambo linalowachanganya watu, na naona tulikabili. Miundo mingi ya kompyuta inatabiri kuwa Afrika Mashariki itapata mvua nyingi zaidi karne hii. Nimesikia mtu mzima akilisema hili kwa furaha, kana kwamba jibu limepatikana. Kwa mwenye tangi, jumla ya mwaka ni habari nusu. Lazima aulize mvua itakuja kwa mafungu mangapi, na kati ya fungu na fungu kuna siku ngapi.

Kutoka tangini hadi Mwache

Mombasa haina mto wake wa kuunywa. Maji yetu yote ya mfereji yanatoka nje ya kaunti: chemchemi ya Mzima katika mbuga ya Tsavo Magharibi, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki kaunti ya Kilifi, chemchemi ya Marere kwenye vilima vya Shimba na visima vya Tiwi, vyote viwili Kwale. Yakikusanywa yote, mji unapata sehemu ndogo tu ya unachohitaji.

Sisi wa Kisauni tunategemea Baricho zaidi. Maji yanavutwa kutoka kwenye mchanga wa kingo za mto, yanasukumwa mpaka matangi ya Nguu Tatu, yanashuka kwetu. Sabaki ndiyo Athi iliyotoka nyanda za juu karibu na Nairobi, ikaungana na Tsavo ikaitwa Galana, ikafika Malindi kwa jina la tatu. Zamani kulikuwa na mpango wa kuchota maji ya mto wenyewe, na matope yakaushinda, ndipo wakaja kwenye visima ambako mchanga unafanya kazi ya chujio. Hili ndilo jibu la Shangazi, kwa sehemu yake. Mto ukifurika haumaanishi maji mengi mferejini. Mto uliofurika unatishia visima, mabomba yanayovuka mabonde na nguzo za umeme wa pampu. Ukikauka, mchanga unabaki na kidogo. Unachotaka kisima cha Baricho ni mto wa wastani, nao ndio unaozidi kuwa nadra.

Mzima ni habari nyingine, na nakiri naipenda. Vilima vya Chyulu havina mito juu yake. Mvua na ukungu wa msitu vinazama ndani ya mawe ya volkeno, vinasafiri chini kwa chini, na kutokea Mzima maji safi mno. Bomba la kama kilomita 220 linaleta sehemu yake Mombasa tangu miaka ya 1950. Hilo ni tangi lisilo na ukuta, halifuriki upesi, jua halilioni. Lakini mlango wa tangi hilo ni msitu ule wa juu. Ukiungua au ukikatwa, mvua inapita juu ya ardhi badala ya kuzama, na sisi huku hatutajua mara moja, kwa sababu maji yanachelewa njiani. Ndiyo maana moto ukiwaka Chyulu nasoma habari hiyo kama ya mtaani kwangu.

Sasa bwawa. Wakati tunafunga tangi letu, Kwale kulikuwa kunajengwa bwawa la Mwache, linalotarajiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 118 na kutoa 186,000 kila siku kwa Mombasa na majirani. Nilipoona namba hizo nikafanya hesabu ile ile ya tangi. Gawa milioni 118 kwa 186,000: siku 634, miezi 21 hivi. Ni akiba kubwa sana, na sitaki mtu adhani naibeza. Mji huu unalihitaji bwawa lile. Lakini kutoka vuli ya 2020 ilipofeli hadi mwisho wa 2022 ni miezi 27. Na hesabu yangu haijatoa kinachopaa hewani, wakati maji yaliyo wazi kwenye ukanda ule mkavu yanaweza kupoteza kina cha karibu mita 2 kwa mwaka. Haijatoa pia sehemu ya chini ya bwawa inayoachwa kwa ajili ya matope.

Ni kweli hata katika ukame mto huleta kitu. Ila Mwache ni mto wa msimu. Kuna kipindi unavuka kwa miguu juu ya mchanga. Na mito ya nchi kavu haipungui sawasawa na mvua. Ardhi iliyokaushwa na joto inakunywa kwanza, na mto unapewa masalio, kwa hiyo mvua ikipungua moja ya kumi, mto unapungua kwa zaidi ya hapo. Bwawa la Masinga kwenye mto Tana, kubwa kuliko Mwache mara nyingi, lilikamilika 1981, na bado ukame wa 2009 ulilishusha mpaka mitambo yake ya umeme ikazimwa.

Ninaloogopa zaidi ni tope, na hofu hiyo niliipata kwa mikono yangu. Lile tangi lilipokauka Februari tulilifungua kulisafisha. Aliingia mtoto wa Shangazi, mwembamba kuliko sote, na beseni na kata. Kwa msimu mmoja tu, chini kulikuwa na tope laini jeusi la unene wa vidole vitatu, limechanganyika na majani ya mwarobaini na manyoya ya kunguru. Lilitoka wapi? Miezi ya ukavu vumbi la barabara lilikuwa likikaa juu ya bati siku baada ya siku, na mvua ya kwanza ikalisomba lote kwa pamoja. Zile zilizofuata zilikuja safi. Ukavu ulitangulia kuandaa mzigo, gharika ikaubeba.

Fikiria bonde la Mwache, upande wa Kinango na Samburu ya Kwale, kwa macho hayo hayo. Misimu mitano bila mvua: majani yamekwisha, ng'ombe wamekanyaga kilichobaki, na mkulima aliyekosa mavuno amekata miti kuchoma makaa kwa sababu watoto lazima wale. Udongo umelala uchi. Ikija vuli kama ya 2023, mto unashuka mwekundu, na kila toroli la udongo linalotua bwawani linachukua nafasi ya maji milele. Wahandisi wanalijua hili. Mpango wa Mwache una mabwawa madogo ya juu ya kunasa matope kabla hayajafika. Nayo pia yatajaa, na lazima yazolewe kila mara, kama tangi letu. Kwa hiyo mama wa Kinango anayepanda nyasi na kuziba korongo shambani mwake anafanya kazi ya maji ya Mombasa. Kama mji unatarajia kuyanywa maji yale kwa miaka 50, naona ni haki sehemu ya bili zetu imrudie yeye, kila mwaka, na isiwe ahadi ya siku ya uzinduzi tu.

Tulichobadilisha

Baada ya hesabu hatukununua tangi la pili siku ile. Kwanza tulibadilisha matumizi. Ya tangi ni ya kunywa na kupika tu, mitungi miwili kwa kila familia kwa siku, lita 280 ploti nzima. Ya kisima yafue na kuosha vyombo. Ya mfereji yakitoka ndiyo ya kuoga na kujazia. Kwa lita 280 tangi lililojaa linatupeleka siku 35. Kutoka vuli inapokatika mwezi wa Desemba hadi masika yashike mwishoni mwa Machi ni siku zaidi ya 90, kwa hiyo hata matangi mawili yangetufikisha siku ya 71 tu. Bi Mkubwa aliposikia alivuta pumzi. "Matatu, basi," akasema. La pili tumekwisha kulichangia nusu.

Bila maji ya kufua na kuoga, mpango huu ungevunjika wiki ya kwanza. Nalisema kwa sababu nimesoma mashauri mengi ya "kuvuna maji ya mvua" yanayozungumza kana kwamba tangi peke yake linatosha. Kwetu limefaulu kwa sababu kuna kisima, hata kama ni cha chumvi, na mfereji, hata kama unatoka kwa kuviziwa. Vyanzo vitatu vyenye kasoro tofauti havikauki siku moja.

Badiliko la pili lilikuwa dogo na la bei nafuu. Fundi wa bomba alikata bomba linaloshuka kutoka kwenye gata, akaweka kiungio chenye koki ya kumwaga nje. Mvua ya kwanza baada ya ukavu inaachwa iende, mpaka bati lioshwe, ndipo koki inafungwa na maji yanaelekezwa tangini.

Masika ya 2024 yalipokuja, wingu la kwanza lilifika mchana, watoto wakiwa uani. Nilikimbia kufungua koki. Maji yalitoka rangi ya chai ya rangi, yanakimbilia barabarani, na watoto wakaanza kupiga kelele kwamba Baba anamwaga maji. Mmoja alileta beseni kuyakinga. Bi Mkubwa akatoka na mtandio wake kichwani, akachota kwa kiganja, akawaonyesha mchanga uliobaki mkononi maji yalipopita. Tukasimama wote barazani tunaitazama ile rangi. Ilikuwa chai, ikawa majani makavu, ikawa wazi. Akasema, "Sasa." Nikafunga koki, nikaingia ndani kuandika saa.